Kusoma Hisabati ya Viwanda Chuo Kikuu: Kuanzia Kuchagua Shahada hadi Kupata Kazi

Mwanafunzi anayeipenda hisabati huulizwa swali moja kila aendako: utakuwa mwalimu? Ualimu ni kazi ya heshima, na mwongozo huu hauna neno nao. Lakini ipo njia nyingine ambayo wengi humaliza sekondari bila kuelezwa, nayo ni hisabati ya viwanda: kutumia hisabati kutatua matatizo ya watengenezaji wa vyuma na vioo, kampuni za umeme, mashirika ya ndege, benki, bima na hospitali. Hapa nimepanga hatua za kuipita njia hiyo, na nimekaa zaidi pale ambapo naona wanafunzi wengi hupotea.

Hatua ya 1: Ielewe kazi kabla hujachagua kozi

Mtaalamu wa fani hii hupokea maswali ambayo bado hayana sura ya hisabati. Hakuna meneja atakayekuletea mlinganyo na kukuomba utafute x. Atakuambia, "Vioo vyetu vinapasuka vikiwa vinapoa, tufanyeje?" Au, "Wateja wanalalamika kwamba simu hazipokelewi." Kazi yako ina sehemu tatu. Kwanza unaligeuza lalamiko hilo liwe swali linalopimika. Pili unalitatua. Tatu unarudisha jibu kwa maneno ambayo meneja anaweza kuyafanyia kazi kesho asubuhi. Darasani utafundishwa sana sehemu ya pili. Ya kwanza na ya tatu itakubidi uzitafute mwenyewe, na hatua nyingi zinazofuata zinahusu namna ya kuzitafuta.

Tazama watu wawili walioifanya kazi hii mwanzoni mwa karne ya 20. Agner Krarup Erlang aliajiriwa na kampuni ya simu ya Copenhagen, ambako swali lilikuwa la kawaida kabisa: tuweke laini ngapi ili wapigaji wasikwame, na tusipoteze fedha kwa laini zinazokaa bure? Mwaka 1909 alichapisha makala iliyoonyesha kuwa simu zinazoingia bila mpangilio zinaweza kuelezwa kwa nadharia ya uwezekano, na hapo ndipo nadharia ya foleni ilipozaliwa. Mwingine ni William Sealy Gosset, aliyefanya kazi katika kiwanda cha bia cha Guinness, Dublin. Majaribio yake ya shayiri na bia yalimpa vipimo vichache mno, na takwimu za wakati huo zilitegemea vipimo vingi. Aliitafutia dawa shida hiyo na mwaka 1908 akachapisha matokeo kwa jina la "Student". Jaribio la t, yaani njia ya kupima kama tofauti ya wastani ni ya kweli au ya bahati tu, ambalo leo linafundishwa katika kila kozi ya takwimu limetoka hapo.

Wote wawili walianza na shida ya mwajiri, wakaishia kuipanua hisabati yenyewe. Ukisoma habari zao ukahisi moyo unakudunda, endelea kusoma. Ikiwa kinachokuvutia ni uthibitisho wa nadharia tu, bila kujali unatumika wapi, hisabati tupu inakufaa zaidi, na hilo si kosa hata kidogo.

Hatua ya 2: Soma orodha ya kozi, usiishie kwenye jina la shahada

Vyuo hutumia majina mengi: hisabati ya viwanda, hisabati tumizi, hisabati na ukokotoaji, hisabati ya uhandisi. Shahada mbili zenye jina moja zinaweza kutofautiana kabisa, na mbili zenye majina tofauti zikawa kitu kilekile. Kwa hiyo chukua kitabu cha mwongozo wa chuo, fungua ukurasa wa kozi za kila mwaka, na utafute vitu hivi: milinganyo ya mabadiliko (ile inayounganisha kiasi fulani na kasi yake ya kubadilika), ukokotoaji kwa kompyuta, uwezekano na takwimu, utafiti wa operesheni (hisabati ya kupanga kazi na kufanya maamuzi), kozi ya kuunda modeli (kuligeuza jambo halisi liwe milinganyo), na mradi au mafunzo ya vitendo nje ya chuo.

Kozi ya kuunda modeli isipokuwepo, na mradi wa nje nao usiwepo, mimi ningefikiria chuo kingine. Ukikosa uchaguzi, shahada ya kawaida ya hisabati inatosha kabisa, mradi ujiongezee kozi za kompyuta na somo moja la sayansi au uhandisi. Fizikia husaidia kuliko zote kwa sababu inakuzoesha kutazama mlinganyo na kuona kitu kinachosogea au kinachopoa.

Uliza pia wahadhiri wanafanya utafiti gani. Idara ambayo walimu wake wana mikataba na kampuni itakuletea matatizo halisi hadi mlangoni.

Hatua ya 3: Mwaka wa kwanza, shika misingi mitatu

Kalkulasi, aljebra ya mstari, uwezekano. Basi. Mengine yote yatasimama juu ya hayo.

Aljebra ya mstari ndiyo inayodharauliwa zaidi, kwa kuwa mwanzoni inaonekana kama mchezo wa kupanga namba kwenye matriki. Baadaye utagundua kwamba karibu kila tatizo kubwa linalotatuliwa na kompyuta, liwe la mtiririko wa hewa juu ya bawa la ndege au la kupanga ratiba ya wahudumu, mwishoni hugeuka kuwa matriki kubwa inayotakiwa kutatuliwa. Anayeielewa matriki hujua kwa nini programu imechukua saa sita, na anaweza kuipunguza ikawa dakika chache.

Hatua ya 4: Jifunze kukadiria kabla ya kukokotoa

Hapa ndipo ningependa ukae muda mrefu kuliko kwingine.

Chukua swali hili. Kiwanda kinatoa bamba la chuma cha kawaida cha kaboni, unene wake sentimita 10, likiwa moto sana, na wanataka kujua litapoa kwa muda gani. Mwanafunzi mwenye haraka hufungua kompyuta na kuanza kuandika programu. Mwenye ujuzi huchukua kalamu kwanza. Joto hutembea ndani ya kitu kwa kanuni rahisi: muda unaohitajika unakaribia umbali kwa kipeo cha pili, ukigawanywa kwa kiwango cha uenezaji joto cha kitu hicho, yaani namba inayoonyesha joto linasambaa ndani yake upesi kiasi gani. Kwa chuma cha namna hii kiwango hicho ni kama mita za mraba 0.000012 kwa sekunde. Kutoka katikati hadi usoni ni mita 0.05. Kipeo chake cha pili ni 0.0025. Gawanya: unapata kama sekunde 208, yaani dakika tatu na nusu hivi.

Mstari mmoja wa hesabu, na tayari una mambo ya kumwambia meneja. Bamba lenye unene maradufu litachukua muda mara nne, si mara mbili, kwa sababu ya kile kipeo cha pili. Lakini usikimbie bado, kwani lipo swali la pili: ni nini hasa kinachochelewesha? Bamba likizamishwa katika maji yanayokwenda kasi, uso hupoa upesi na kinachochelewesha ni safari ya joto kutoka ndani. Likiachwa kwenye hewa tulivu, hewa ndiyo inayochelewesha, kwani inapokea joto polepole mno. Ndani ya bamba joto huwa karibu sawa kila mahali, na kupoa kunachukua muda mrefu kuliko zile dakika tatu na nusu. Hali hizi mbili zina milinganyo tofauti. Asiyeuliza atatatua vizuri sana mlinganyo usiohusika.

Zoezi la namna hii lifanye kila wiki, kwa kitu chochote. Andika unachodhani ni kweli (bamba ni pana mno kuliko unene wake, kwa hiyo nahesabu mwelekeo mmoja tu, ule wa unene), andika unachokipuuza, kisha kadiria. Dhana zako ziwe kwenye karatasi, zionekane. Siku mtu atakapokuuliza kwa nini jibu lako halilingani na kipimo, utaanzia hapo.

Kanuni nyingine ya kuiweka mfukoni ni ya John Little, aliyeithibitisha mwaka 1961: wastani wa vitu vilivyomo kwenye mfumo ni sawa na kasi ya kuingia mara wastani wa muda wa kukaa humo. Karakana inayopokea vipuri 30 kwa saa, kila kimoja kikikaa saa 4, ina wastani wa vipuri 120 ndani yake. Ukihesabu vilivyopo ukakuta 200, basi mmoja wa wale waliokupa namba amekosea, au kuna vipuri vimelala mahali bila mtu kujua. Hisabati nyepesi kama hii imefumbua mambo mengi ambayo ripoti ndefu zilishindwa kuyaona.

Hatua ya 5: Andika programu, na ujifunze kuzishuku

Anza na lugha ya programu ya Python pamoja na maktaba zake za hesabu, NumPy na SciPy. Chuo chako kikitumia MATLAB, sawa, fikra ni zilezile. Takwimu zitakupeleka kwenye R, data za kampuni zitakudai SQL (lugha ya kuuliza hifadhidata), na programu kubwa zinazohitaji kasi huandikwa kwa C++. Jifunze pia Git, chombo cha kutunza matoleo ya programu, mapema, maana kazini hakuna atakayekuonea huruma ukipoteza toleo la jana.

Lugha hujifunzwa haraka. Kilicho kigumu ni kujua lini kompyuta inakudanganya. Rudi kwenye bamba letu. Ukiligawa katika vipande vya milimita 1 na kukokotoa joto hatua kwa hatua kwa njia rahisi kuliko zote, kila hatua ya muda isizidi kama sekunde 0.04. Ukiweka sekunde 0.1 ili umalize mapema, namba zitaanza kuyumba juu na chini, kisha zitalipuka hadi kufikia joto lisilowezekana. Ukitaka vipande vya nusu milimita, vipande vinakuwa mara mbili na hatua ya muda lazima ipungue hadi kama sekunde 0.01, kwa hiyo kazi yote inaongezeka mara nane. Ndiyo maana John Crank na Phyllis Nicolson walitoa mwaka 1947 njia nyingine isiyolipuka hata hatua ikiwa ndefu, kwa gharama ya kutatua matriki kila hatua. Ifanye programu hii mwenyewe. Ilipue kwa makusudi, uone namba zinavyoharibika, halafu itengeneze.

Mlipuko una heri yake kwa kuwa unaonekana. Kosa la hatari ni lile linalotoa jibu zuri, la kuaminika, na la uongo. Tarehe 23 Agosti 1991, msingi wa zege wa jukwaa la mafuta la Sleipner A ulizama karibu na Stavanger, Norway, ukiwa katika majaribio ya kushushwa majini. Wachunguzi walirudi kwenye hesabu. Wasanifu walikuwa wametumia mbinu ya elementi finiti, yaani kuligawa umbo zima katika vipande na kukokotoa nguvu katika kila kimoja, lakini sehemu fulani ya kuta iligawanywa vibaya. Nguvu ya kukata katika kuta hizo ikakadiriwa pungufu kwa asilimia 47. Zege likawa jembamba mno, ukuta ukapasuka, msingi ukaenda chini wote.

Kwa hiyo weka desturi tatu. Linganisha programu yako na tatizo ambalo jibu lake linajulikana kwa kalamu. Punguza vipande kwa nusu uone kama jibu linatulia au linahama. Na kila mara ulinganishe na lile kadirio la mwanzo. Vikipishana mara kumi, simama hadi ujue sababu.

Hatua ya 6: Chagua upande, na uzione kazi zilizoko huko

Mwaka wa tatu kwa kawaida unaanza kuchagua. Naona pande tatu.

Upande wa kwanza ni wa vitu vinavyotiririka, vinavyopoa, vinavyotikisika. Unahitaji milinganyo ya mabadiliko kwa kina na ukokotoaji mzito. Waajiri ni watengenezaji wa magari na ndege, viwanda vya kemikali, chuma na kioo, kampuni za mafuta na madini, taasisi za hali ya hewa, na kampuni zinazotengeneza programu za uigaji (kuiga kitu halisi ndani ya kompyuta) kama ANSYS na COMSOL. Picha za hospitali nazo ziko hapa: mwaka 1917 Johann Radon alionyesha namna ya kuujua undani wa kitu kutokana na jumla zinazopimwa kwenye mistari inayokipita. Baadaye mashine za kupiga picha za tabaka za mwili zikasimama juu ya fikra hiyo, na Allan Cormack na Godfrey Hounsfield wakapata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1979. Upande huu una ushindani kutoka kwa wahandisi. Utawazidi pale ambapo programu iliyopo haitoshi na lazima mtu abuni njia mpya.

Upande wa pili ni wa maamuzi: tuzalishe nini, tupeleke wapi, nani afanye zamu gani. Mwaka 1938 mwanahisabati wa Kisovieti Leonid Kantorovich aliletewa swali na kiwanda cha mbao za tabaka cha Leningrad, la namna ya kugawa kazi kwenye mashine ili uzalishaji uwe mkubwa iwezekanavyo. Akalijibu kwa njia iliyokuja kumpa Nobel ya uchumi mwaka 1975 pamoja na Tjalling Koopmans. Mwaka 1947 George Dantzig alitoa mbinu ya simpleksi, njia ya kutafuta mpango ulio bora kuliko yote pale rasilimali zinapokuwa na kikomo, ambayo hadi leo imo ndani ya programu zinazopanga safari za ndege, magari ya mizigo na uzalishaji wa umeme. Kozi zake ni utafiti wa operesheni, nadharia ya grafu na uwezekano. Kwa maoni yangu huu ndio upande unaomlipa fadhila haraka mhitimu wa shahada ya kwanza, kwa sababu kila taasisi ina ratiba, ghala au foleni inayoumiza kichwa, na faida ya kuirekebisha huonekana katika miezi, si miaka.

Upande wa tatu ni wa hatari na data: benki, bima, mifuko ya pensheni, udhibiti wa ubora viwandani, kampuni za teknolojia. Ukitaka kuwa aktuari, yaani mtaalamu wa kukokotoa hatari za bima na pensheni, fahamu kwamba shahada ni mwanzo tu. Ipo mitihani ya chama cha kitaaluma ambayo watu huifanya kwa miaka wakiwa kazini. Ulizia mapema kama kozi za chuo chako zinakupunguzia baadhi yake.

Pande hizi huingiliana, na hakuna anayefungwa maisha. Aliyesoma mtiririko wa joto anaweza kuhamia benki, kwani mlinganyo wa Black na Scholes wa mwaka 1973, unaotumika kupanga bei za mikataba ya hiari sokoni (inayompa mtu haki, si wajibu, ya kununua au kuuza kitu kwa bei iliyokubaliwa), ukibadilishwa vigezo huwa mlinganyo uleule wa joto.

Hatua ya 7: Tafuta tatizo halisi kabla hujahitimu

Mafunzo kazini ndiyo mlango mkuu. Uombe kampuni yoyote inayopima kitu, hata kama haijawahi kuajiri mtu wa hisabati. Barua yako isiseme "nina ujuzi wa kalkulasi". Iseme unaweza kuchunguza data zao za uzalishaji, au foleni zao, au utabiri wa mahitaji yao, na utaje mradi mdogo uliowahi kuufanya.

Kuna njia nyingine inayojulikana kidogo. Mwaka 1968 Oxford walianzisha vikundi vya kutatua matatizo ya viwanda: kampuni inaleta swali siku ya kwanza, wanahisabati wanalihangaikia kwa wiki moja, siku ya mwisho wanatoa walichokipata. Mtindo huo umeenea hadi Australia, Canada, India na Afrika Kusini, na wanafunzi hukaribishwa. Ukipata nafasi, nenda hata kama utakaa tu kusikiliza jinsi wazoefu wanavyomhoji mtu wa kiwanda. Kama hakuna karibu nawe, unda timu ya watu watatu muingie mashindano ya kuunda modeli ya COMAP, shirika la Marekani la kukuza elimu ya hisabati, yanayofanyika kila mwaka tangu 1985. Mnapewa swali lililo wazi na siku nne za kulitatua na kuandika ripoti, pamoja na muhtasari unaohukumiwa kwa ukali.

Muhtasari huo ndio ile sehemu ya tatu ya kazi, ya kurudisha jibu. Fanya mazoezi ya kuandika ukurasa mmoja usio na mlinganyo hata mmoja: swali lilikuwa nini, tumepata nini, tuna uhakika kiasi gani, mfanye nini. Mpe rafiki anayesoma sheria au uuguzi. Asipoelewa, andika tena.

Hatua ya 8: Kuomba kazi

Tangazo lenye maneno "mwanahisabati wa viwanda" utaliona mara chache. Tafuta mchambuzi wa operesheni, mchambuzi wa hatari, mhandisi wa uigaji, mwanasayansi wa data, mpangaji wa uzalishaji, mchambuzi wa mahitaji ya umeme. Usome majukumu, cheo kisikutishe.

Kwenye wasifu, badala ya kuorodhesha kozi, weka miradi miwili au mitatu, kila mmoja kwa sentensi tatu: shida, ulichofanya, kilichobadilika. Weka programu zako mahali ambapo msaili anaweza kuzifungua. Kwenye usaili utapewa swali lisilo kamili, na wanaangalia kama utauliza kabla ya kukokotoa. Uliza. Taja dhana zako kwa sauti, kadiria, kisha sema ungehakikishaje.

Hatua ya 9: Uzamili au uzamivu?

Kwa upande wa maamuzi na upande wa data, shahada ya kwanza iliyoshikwa vizuri inaweza kukuingiza kazini. Kwa uigaji wa kina, uzamili unahitajika mara nyingi, na kwa kazi za utafiti uzamivu ndio kiwango. Barani Ulaya, muungano wa hisabati viwandani uitwao ECMI, ulioanzishwa mwaka 1986, unaunganisha vyuo vyenye programu za uzamili za fani hii. Huko Kaiserslautern, Ujerumani, kuna taasisi ya Fraunhofer ya hisabati ya viwanda, ITWM, ambayo kazi yake ni kutatua matatizo ya kampuni kwa mikataba.

Ukilinganisha programu, uliza maswali mawili kwa barua pepe: tasnifu ngapi za mwaka uliopita zilitokana na swali la kampuni, na wahitimu wake wanafanya kazi gani sasa. Idara inayoijua kazi yake hujibu maswali hayo kwa mifano. Ikikujibu kwa kipeperushi, peleka maombi yako kwingine.